Wa Mua walihukumiwa na nani?

Katika likizo ya Desemba iliyopita, mjukuu wangu mwenye umri wa miaka kumi na mmoja alikuja kututembelea huku Kathiani kutoka Nairobi, na pamoja na nguo zake alileta vitabu vinne vinene ambavyo hakuviweka chini hata wakati wa kula. Vilikuwa ni vile vitabu vya Harry Potter vilivyotungwa na Mwingereza J. K. Rowling, ambavyo cha kwanza kilichapishwa mwaka 1997 na cha saba, ambacho ndicho cha mwisho, mwaka 2007. Siku ya tatu alinijia nikiwa nimeketi chini ya mparachichi, akaniambia, "Babu, nataka kujua wewe ni wa nyumba gani." Nikamjibu kwamba mimi ni wa nyumba hii hii anayoiona, ambayo mkopo wa mabati yake sijaumaliza. Akacheka, akanieleza.

Katika hadithi hizo, iko shule ya bweni ya uchawi iitwayo Hogwarts. Mwanafunzi mpya akifika, huketishwa kwenye kigoda mbele ya shule nzima, akavikwa kofia kuukuu, na kofia hiyo humsoma moyo kisha ikatangaza kwa sauti nyumba atakayoishi kwa miaka saba. Nyumba zenyewe ni nne. Gryffindor ni ya mashujaa, Ravenclaw ni ya wenye akili, Hufflepuff ni ya wavumilivu na wachapakazi, na Slytherin ni ya wajanja wenye uchu wa makuu. Mjukuu wangu hakuwa na kofia, lakini alikuwa na maswali kumi aliyoyanakili daftarini. Aliniuliza kama ningependelea kuogopwa au kupendwa, kama ningemsaliti rafiki ili kumwokoa mgeni, na mengine ya namna hiyo. Alipomaliza kujumlisha, alitangaza kwa furaha kwamba babu yake ni Gryffindor halisi. Nami nikamshukuru, nikaomba maji ya kunywa.

Msomaji ataniwia radhi nikitabasamu kidogo hapa. Sisi Wakamba tumepakwa sifa ya uchawi kwa miaka mingi na kila mtu katika nchi hii, hata ukimwambia Mkenya kwamba iko shule inayofundisha uchawi, atakuuliza mara moja kama iko Kitui au Mwingi. Kumbe iko Uskoti. Nimewahi kunyimwa chumba cha kupanga mjini Nairobi kwa sababu mwenye nyumba alipolisikia jina langu alisema hataki mambo ya usiku. Nilikuwa karani wa bima, na mambo yangu ya usiku yalikuwa ni kulala.

Lakini sicho nilichotaka kukieleza leo. Swali la mtoto yule lilinirudisha miaka zaidi ya arubaini nyuma, kwa maana mimi nami nilipata kuvikwa kofia, na nilikaa chini ya kofia hiyo kwa miaka minne.

Nilijiunga na kidato cha kwanza mwaka 1981, katika shule moja ya harambee ya wavulana iliyokuwa imejengwa kwa jasho na mbuzi wa wazazi wetu katika vilima hivi. Sitaitaja jina. Mabweni yake yalikuwa manne, nayo yalipewa majina ya ardhi yetu: Iveti, vilima ambavyo sisi wa Kathiani tumezaliwa juu ya miteremko yake, Mua, vile vinavyozitazama mbuga za Athi, Mbooni, iliyokuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos kabla ya Makueni kukatwa mwaka 1992, na Yatta, ule uwanda mrefu wa mawe ya volkano upande wa mashariki. Yalikuwa majina mazuri, na nadhani aliyeyachagua hakuwa na nia nyingine ila kutukumbusha kwetu.

Siku ya kuripoti tulipanga mstari mbele ya meza ya naibu wa mwalimu mkuu, kila mtu na sanduku lake la bati na godoro lililokunjwa. Naibu alikuwa na daftari. Aliyefika wa kwanza aliandikiwa Iveti, wa pili Mua, wa tatu Mbooni, wa nne Yatta, na wa tano akarudi kwa Iveti. Hiyo ndiyo iliyokuwa kofia yetu. Haikumsoma mtu moyo. Mbele yangu mstarini alikuwapo kijana wa kijiji chetu, ambaye tulikuwa tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza na kuja pamoja asubuhi hiyo katika gari moja. Alipofika mezani alitakiwa kutoa risiti ya karo, naye alikuwa ameificha ndani ya soksi kwa kuogopa wezi. Akasogea kando ili avue kiatu. Naibu, mtu asiyependa kupoteza wakati, akaniashiria nipite. Nikaandikiwa Iveti. Yeye alipomaliza kufunga kamba za kiatu aliandikiwa Mua.

Kabla ya jioni hiyo kwisha tulikwisha kufahamishwa sisi ni watu gani. Wa Iveti ni wasomi. Wa Mbooni ni wacha Mungu. Wa Yatta ni wakimbiaji, na ni walafi. Wa Mua ni wahuni. Wanafunzi wa vidato vya juu walituambia hayo kwa uzito kama mtu anayesoma Amri Kumi, na walimu wakayarudia kwa mzaha, mzaha ambao kwa kuwa ulitoka kwa mwalimu ulikuwa sawa na sheria. Mimi, ambaye katika mtihani wa darasa la saba nilikuwa nimeshindwa na yule jirani yangu kwa alama kadhaa, nililala usiku huo nikiwa msomi.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa tabia zile zilitoka wapi, na nilipoelewa nilicheka peke yangu. Shule haikuwa na umeme wa kawaida. Ilikuwa na jenereta moja, ambayo ilizimwa saa nne za usiku. Bweni la Iveti lilipakana na madarasa, na waya wa taa ulifika huko na kukomea huko. Ukitaka kusoma baada ya wenzako kulala, ulihitaji kuwa Iveti, la sivyo ununue mafuta ya taa kwa pesa zako. Bweni la Mbooni lilikuwa ubavuni mwa ukumbi tulimofanyia ibada, kwa hiyo wenyeji wake ndio waliopanga viti, na apangaye viti kila Jumapili huishia kuimba kwaya. Yatta walikuwa kati ya jikoni na kiwanja. Kengele ya chakula ilipopigwa wao walikuwa wa kwanza mstarini bila hata kukimbia, na kiwanja kikiwa mbele ya mlango wako utakimbia tu, upende usipende. Mua lilikuwa bweni la mwisho, chini kabisa kwenye mteremko, karibu na ua wa mikatani na kijia cha kwenda sokoni. Mtu yeyote aliyetaka kutoroka, wa bweni lolote, ilimlazimu kupita hapo. Nyayo zilizoonekana asubuhi zilikuwa daima ni nyayo za Mua.

Basi sifa za watu wapatao mia tatu zilitokana na umbali wa kitanda hadi jenereta. Hata hivyo ukiitwa msomi kila siku utafungua kitabu, angalau uonekane, na ukiitwa mhuni kila siku itafika siku utasema, kama ni hivyo, na iwe hivyo. Kufikia kidato cha tatu wa Mua walikuwa na wimbo wao, walikuwa na namna yao ya kuvaa sweta mabegani, na walikuwa wakijivunia kuchapwa. Jirani yangu alikuwa miongoni mwao. Tulisalimiana likizoni tu. Shuleni hatukuwa na la kuzungumza.

Siwezi kusema mfumo huu ulibuniwa na mwenye nia mbaya. Uliletwa na Waingereza, ambao kwao wanafunzi waliotoka mbali walikaa hasa katika nyumba za walimu na za wamama waliowapangisha, ndipo neno nyumba likashikamana na bweni. Wamisheni walioanzisha shule zetu za kwanza waliubeba kama walivyobeba kengele na kriketi. Alliance, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, ina nyumba zake mpaka leo, nyingine zikiwa na majina ya watu kama Livingstone na Aggrey, na wazee niliokutana nao waliosoma huko hawakuulizi kwanza ulimaliza mwaka gani. Wanakuuliza ulikuwa nyumba gani. Upo utamu katika jambo hilo ambao siukani. Mtoto wa miaka kumi na minne aliyetolewa kwao na kuwekwa kati ya wageni mia tatu anahitaji watu arubaini wa kuwaita wake. Bweni lilinifundisha kufua, kupiga deki, kunyamaza mwenzangu akilia usiku, na kushangilia mpaka sauti ikauke tulipochukua ngao ya michezo mwaka 1983. Ngao ile niliwahi kuiota hata nikiwa na watoto.

Hata neno letu bweni lina umri kuliko shule hizi. Ni nyumba walimolala vijana ambao hawajaoa. Na sisi Wakamba tulikuwa na thome, ule uwanja mbele ya boma ambapo wanaume na wavulana waliota moto jioni na kufundishana. Wala sisemi thomeni hapakuwa na majina ya kubandikana. Koo zetu, Atangwa, Anzauni, Aombe na nyinginezo, kila moja ilikuwa na maneno yake ya utani ambayo wengine waliisemea. Lakini thomeni, kijana akishtakiwa, walikuwapo wazee waliomjua yeye, baba yake na babu yake, nao waliuliza: ni nani aliyemwona? Swali hilo ndilo ambalo halikuulizwa katika shule yetu mwezi wa Julai 1984.

Mwaka huo haukuhitaji kuelezwa kwa mtu wa Ukambani aliyekuwa hai. Mvua ya masika haikunyesha. Tulikula mahindi ya manjano kutoka Marekani, na njaa ile ikapewa jina la Nikw'a ngwete, kwa maana mtu aliweza kufa akiwa amezishika pesa mkononi kwa kukosa cha kununua. Shuleni isyo ilipunguzwa kutoka sahani hadi kikombe. Usiku mmoja ghala lilivunjwa, yakatoweka madebe mawili ya maharagwe na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia.

Mimi nilikuwa kiranja wa Iveti. Usiku huo nilikuwa nimetoka kwenda msalani, na kwa mwanga wa tochi iliyokuwa ikikaribia kuzima niliona watu watatu wakitoka upande wa ghala na kukimbia kuelekea chini, kwenye bweni la Mua. Nyuso sikuziona. Asubuhi niliitwa mbele ya walimu. Niliulizwa niliona nini, nikasema niliona watu watatu wakikimbia. Kisha nikaulizwa swali moja tu: "Wa bweni gani?" Ningeweza kusema sijui. Lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa na neno moja tu. Nilisema, "Mua."

Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Palikuwa na nini cha kuuliza? Vijana kumi na mmoja wa kidato cha nne wa bweni hilo walirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo wakawalete wazazi. Saba walirejea baada ya kuchapwa na kulipa. Wanne hawakurejea, kwa kuwa majina yao yalikuwa tayari katika daftari la makosa, makosa ya kelele na ya sweta. Jirani yangu alikuwa mmoja wa hao wanne. Ilikuwa imebaki miezi mitatu na siku chache kabla ya mtihani wa KCE. Baba yake alikuwa ameuza ng'ombe wa mwisho katika ukame ule ili kulipa karo ya muhula huo, na ng'ombe wakati huo alikuwa ngozi na mifupa.

Katika mwaka wa 1954, mtaalamu wa elimu ya nafsi aitwaye Muzafer Sherif, mzaliwa wa Uturuki aliyehamia Marekani, aliwachukua wavulana 22 wa umri wa miaka kama kumi na mmoja hadi kambi moja katika jimbo la Oklahoma. Walikuwa wamechaguliwa kwa makusudi wafanane: dini moja, rangi moja, hali moja ya maisha. Akawagawanya mafungu mawili. Katika siku chache fungu moja lilikuwa limejiita Tai na jingine limejiita jina la nyoka mwenye sumu, yule anayetikisa mkia. Tai wakawa watu wa kusali na kutotukana. Wale wa nyoka wakawa watu wa matusi na ubabe. Bendera zikachomwa, vibanda vikavamiwa, na kila fungu likawa tayari kuapa kwamba lile jingine limezaliwa na tabia mbovu. Hotuba za upatanisho hazikusaidia kitu, wala kula pamoja, maana walirushiana chakula. Walianza kupatana pale maji ya kambi yalipokatika ikawalazimu kutafuta pamoja kasoro iko wapi katika bomba na tangi, na pale lori la chakula lilipokataa kuwaka wakalivuta kwa kamba wote. Niliposoma habari hiyo, nikiwa mtu mzima, nilifikiria ule umati wa vijana wa Iveti, Mua, Mbooni na Yatta uliokuwa ukishuka mtoni na ndoo wakati wa ukame. Tulishuka kwa zamu, bweni kwa bweni, ili tusipigane.

Mwaka 2019 nilihudhuria mazishi ya mmoja wa walimu wetu wa zamani. Baada ya maziko tuliketi wachache waliosoma pamoja, na mmoja wetu, mtu wa Iveti ambaye Mungu alimjalia cheo kikubwa serikalini na sasa amestaafu, akaanza kusimulia visa vya shule kama wafanyavyo wazee. "Mnayakumbuka yale maharagwe?" akasema, naye akacheka mpaka akafuta machozi. Walikuwa watatu, wote wa Iveti. Walipotoka ghalani waliona mwanga wa tochi ukitoka upande wa bweni letu, na mmoja wao akawaambia wenzake wakimbilie chini. Wangekimbilia kwao wangejulikana. Wakikimbilia Mua, kazi yote iliyobaki ingefanywa na jina la Mua. Walipitia nyuma ya bweni hilo, wakauzunguka ua, wakarudi vitandani kupitia upande wa madarasa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejiambia kwamba huenda nilisema kweli kwa kubahatisha. Sasa niliuona werevu wa Iveti ulivyotumika. Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa maana ilikuwa matangani na watu walikuwa wakitutazama.

Kwa sababu hiyo nilipokuwa nimeketi na mjukuu wangu nilimwomba anisimulie vitabu vile mpaka mwisho. Alinisimulia kwa siku mbili. Katika kitabu cha saba, adui anapoizingira shule na kutaka Harry atolewe, msichana mmoja wa Slytherin anasimama na kupiga kelele kwamba akabidhiwe. Mwalimu anamwamuru atoke, tena anawaamuru wote wa nyumba yake wamfuate, wakatoka wote. Nikamuuliza mjukuu wangu, "Waliulizwa mmoja mmoja?" Akafikiri, akasema hapana, lakini Babu, walikuwa Slytherin. Nikamuuliza, je, hapakuwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja kati yao aliyekuwa amefika shuleni juzi tu? Akanyamaza. Baadaye jioni alirudi na kitabu akanionyesha mahali ambapo mwalimu mkuu mwenyewe, kitabuni humo humo, anakiri kwamba wakati mwingine hudhani wanawagawanya watoto mapema mno. Mtoto huyu atakuwa wakili, au atakuwa mwandishi, ambalo ni jambo la kusikitisha zaidi.

Wapo watakaosema kwamba ninalia kwa ajili ya maharagwe ya miaka arubaini iliyopita. Naomba watazame kwingine. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, ambayo haiko mbali na hapa, moto uliwashwa bwenini usiku na vijana 67 wakateketea. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Mwaka 2008 wizara ya elimu ilitoa mwongozo wa usalama unaotaka milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi ya mita 1.2. Bado mwaka 2017 wasichana kumi walifariki katika Moi Girls, Nairobi, na mwaka 2024 watoto 21 katika shule ya Endarasha kule Nyeri. Mwaka 2016 pekee shule zilizochomwa zilipita mia moja. Simaanishi kwamba majina ya mabweni ndiyo yawashayo kiberiti. Visababu ni vingi, na wengine walioajiriwa kuvichunguza wameviandikia ripoti nene. Ninachosema ni kwamba kila panapotokea ghasia shuleni, jambo la kwanza tulisikialo redioni ni kwamba wanafunzi wa bweni fulani wamerudishwa nyumbani. Bweni zima. Daftari la naibu bado liko mezani, na kiranja mmoja bado anaulizwa swali moja.

Tena tunaingia katika kipindi kingine cha kugawanya. Januari 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilianza masomo ya sekondari ya juu, na kila mtoto ameelekezwa katika mkondo mmojawapo wa mitatu: wa sayansi na teknolojia, wa sayansi ya jamii, au wa sanaa na michezo. Mimi siupingi mpango huo. Afadhali mtoto apewe anachokipenda. Lakini nimekwisha kusikia, hapa hapa sokoni Kathiani, mzazi akisema kwamba wa sayansi ndio wenye akili na wa michezo ni wale walioshindikana. Ndiyo yale yale ya jenereta. Ningewaomba walimu watazame ni mkondo gani umepewa maabara, ni upi umepewa kiwanja bila mpira, kabla ya kuanza kutuambia watoto wa mkondo gani ni watu wa namna gani.

Jirani yangu alikuwa fundi mwashi. Alijifunza kazi hiyo kwa mjomba wake mwaka 1985, na ukipita njia ya kwenda Mitaboni nyumba nyingi za mawe unazoziona ni za mkono wake. Watoto wake wamesoma. Hatukuwahi kukosana, kwa sababu hakuwahi kujua nilichosema mbele ya walimu. Wa Mua hawakuelezwa shahidi ni nani. Tangu mwaka 2019 nilikuwa nikimwona sokoni na kubadili njia, au kumsalimu kwa haraka kama mwenye basi la kuwahi. Anapoitwa kunijengea kitu huwa ananipunguzia bei.

Nilipoamua kuandika makala haya niliona si adabu mtu akasome mambo yake gazetini. Jumamosi iliyopita alikuwa nyuma ya nyumba yangu akinirekebishia tangi la maji ya mvua lililopata ufa. Mjukuu wangu alikuwa amerudi Nairobi. Nilimpelekea chai, nikaketi juu ya tofali, nikamweleza yote: tochi, swali, jibu langu, na yale yaliyosemwa matangani. Hakuacha kazi. Aliendelea kulainisha simiti kwa mwiko mpaka nilipofika mwisho, ndipo akauweka chini.

"Usiku ule nilikuwa nimelala, kiranja," akasema. Bado huniita kiranja. "Nilimwambia baba hivyo nilipofika nyumbani. Unajua alinijibu nini? Alisema, wa Mua nyote mko hivyo. Sijui alilipata wapi neno hilo, mzee ambaye hakufika hata darasa la kwanza."

Nikamwambia nadhani alilipata kwangu, likizoni, tulipokuwa tukichunga. Alinitazama kwa muda. Kisha akaniuliza kama ule mfuko mmoja wa simiti uliobaki ningeupeleka kwingine au autumie wote hapa, kwa sababu ufa ulikuwa umeshuka chini kuliko alivyodhani, na mawingu yalikuwa yamefunga juu ya Iveti tangu asubuhi. Nikamwambia autumie wote. Nilivua koti, nikamchotea mchanga.